Njia ya Mlima kati ya Huế na Hội An: Ushauri kwa Marafiki Wasafirio Pamoja

Kati ya Huế, mji uliokuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Nguyễn kuanzia mwaka 1802 hadi 1945, na Hội An, bandari kongwe iliyopokea majahazi ya Wachina na Wajapani kwa karne kadhaa, pana umbali wa kilomita zipatazo 130 tu, na gari likipita katika handaki lililotobolewa chini ya mlima huumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu. Ufupi huo ndio unaowaponza wageni wengi wa Vietnam ya kati, kwa kuwa huwafanya waione barabara kuwa kero ya kumalizwa upesi kati ya hoteli moja na nyingine, ilhali barabara yenyewe, ikipitiwa juu ya mlima, ndiyo inayoeleza kwa nini miji hiyo miwili iliyo jirani haifanani. Mlima wa Hải Vân, ambao ni mkono wa safu ya Trường Sơn uliojinyoosha hadi baharini, ulikuwa mpaka wa falme mbili kwa muda mrefu, na hata leo ni mpaka wa mvua na jua. Anayepita tumboni mwake, katika mwanga wa taa za handaki, huuvuka mpaka huo asijue kwamba ameuvuka. Ushauri ufuatao umekusudiwa kundi dogo la marafiki, tuseme watu wanne hadi sita, walio na siku tano au sita za kutumia na walio tayari kuuachia mlima siku nzima katika hizo.

Uelekeo unaofaa ni wa kutoka kaskazini kwenda kusini, yaani kuanzia Huế na kumalizia Hội An. Sababu ya kwanza ni ya akili: Huế ni mji mzito, wenye makaburi ya kifalme na kuta zilizobeba historia ya vita, nao unahitaji wageni wenye nguvu na subira, wakati Hội An ni mji wa kutembea jioni bila haraka, unaostahili kuwekwa mwisho watu wakiwa wamechoka. Sababu ya pili ni ya barabarani. Nchini Vietnam magari hupita upande wa kulia, na kwa kuwa bahari iko mashariki, anayekwenda kusini huwa na bahari kushotoni na mlima kuliani kwa sehemu kubwa ya njia, hivyo huendesha akiwa upande wa ndani, mbali na ukingo wa genge. Kwa msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda, aliyezoea kuendesha upande wa kushoto, kinga hiyo si ndogo, hasa katika kona za kwanza ambapo mazoea ya mwili huweza kumvuta upande usio wake. Wale wa Rwanda, Burundi na Kongo watajiona wako nyumbani. Hasara yake ni kwamba sehemu nyingi za kusimama na kutazama ziko ng'ambo ya barabara, na kuvuka kuzifikia kunataka uangalifu kuliko kuendesha kwenyewe.

Kuhusu majira, kalenda ya eneo hili haifuati ile ya Hanoi wala ya Jiji la Ho Chi Minh, na makosa mengi ya upangaji hutokana na kusoma maelezo ya hali ya hewa ya nchi nzima kana kwamba ni moja. Mvua kubwa ya Vietnam ya kati hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya vimbunga na mafuriko, ambapo mto Hương wa Huế na mto Thu Bồn wa Hội An hupanda hadi barabarani na wenyeji huhamisha vyombo vyao ghorofani kwa utaratibu waliourithi. Miezi ya Februari hadi Mei ndiyo bora zaidi, ingawa Februari Huế huweza kuwa na manyunyu na baridi inayohitaji sweta. Juni hadi Agosti jua ni kali mno kwa kutembea makaburini, lakini bahari hutulia. Jambo jingine la kuepukwa ni Tết, yaani mwaka mpya wa kalenda ya mwezi unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, kwa sababu siku hizo treni hujaa, nauli hupanda, na familia hufunga maduka ili kukaa na jamaa zao. Viza haina ugumu: tangu Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, yenye muda usiozidi siku 90, na tahadhari yake kubwa ni kuyaandika majina kwa mpangilio uleule uliomo katika pasipoti.

Suala linalovunja urafiki mara nyingi kuliko mvua ni chombo cha kusafiria. Njia ziko tatu. Gari la kukodi pamoja na dereva ndiyo ya kawaida zaidi kwa wageni, na gari la viti saba huwatosha watu watano na mizigo yao; lakini ni lazima dereva aelezwe kabla ya malipo, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba gari litapita juu ya mlima, kwa kuwa dereva asiyeambiwa atachagua handaki au barabara kuu mpya ya La Sơn–Túy Loan inayopita bara, na programu ya ramani katika simu itamuunga mkono. Pia iandikwe idadi ya vituo na saa ya mwisho ya kufika, ili kila kusimama kusizue majadiliano mapya kati ya dereva na abiria. Njia ya pili ni pikipiki, ambayo picha nyingi za mlima huu zimeitangaza, na ya tatu ni treni, itakayozungumzwa hapa chini kwa sababu ina faida ambayo makundi mengi hayaifikirii.

Anayetaka pikipiki aanze na karatasi. Vietnam huitambua leseni ya kimataifa ya udereva iliyotolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, si ile ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, na mwaka wa mkataba huchapishwa ndani ya kijitabu chenyewe. Basi kila rafiki afungue chake na kusoma kabla ya kuondoka nyumbani, na ahakikishe kwamba daraja la pikipiki limepigwa muhuri pamoja na leseni yake ya asili. Watu wenye kukodisha mara nyingi hawaulizi leseni, na ukimya wao huchukuliwa kuwa ruhusa, lakini swali huulizwa na askari wa barabarani, au na kampuni ya bima siku ya ajali, na bima ya safari kwa kawaida haimlipi aliyeendesha bila leseni halali. Kofia ngumu ni sharti la sheria kwa mwendeshaji na abiria wake tangu Desemba 2007. Kuhusu pombe, sheria iliyoanza Januari 2020 haimruhusu dereva kuwa na kiasi chochote mwilini, kiasi kwamba bia moja ya mchana huko Lăng Cô inatosha kumfanya mtu awe abiria kwa siku iliyobaki.

Pikipiki yenyewe ikaguliwe mbele ya mwenye nayo: breki zote mbili, matairi, taa, honi, na mikwaruzo ipigwe picha, kwani mgogoro wa mkwaruzo wa zamani hauna shahidi mwingine. Amana ilipwe kwa fedha, wala pasipoti isiachwe rehani. Zipo huduma nyingi za kukodi Huế na kurejesha Hội An au Đà Nẵng, huku mabegi yakipelekwa kwa gari, na mpango huo una thamani kubwa, maana kona za mlimani si mahali pa kujifunza uzito wa begi lililofungwa nyuma. Ikumbukwe vilevile kwamba skuta isiyo na gia za kubadilishwa kwa mguu haiwezi kuzuiwa vyema na injini yake katika mteremko mrefu, hivyo kazi yote huangukia breki, nazo hupata moto. Dawa yake ni kushuka polepole, kubana na kuachia, na kusimama zipoe. Kundi liende kwa mpangilio ambao mwendeshaji dhaifu kuliko wote hutangulia na mzoefu hufunga msafara, kinyume na tabia ya vijana ambao mzoefu hutimka mbele na dhaifu humfukuza kwa kuona haya. Mwenye shaka na uwezo wake akae nyuma ya mwendeshaji mwenyeji wa kukodi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Treni inawafaa wale ambao tumbo lao halipatani na kona. Reli kati ya Huế na Đà Nẵng haipandi mlima bali huuzunguka kando ya bahari, ikiingia na kutoka katika mahandaki mafupi juu ya miamba, na kwa mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu humwonyesha abiria vijighuba vya mchanga ambavyo hakuna barabara inayovifikia. Tangu Machi 2024 kuna treni maalumu ya watalii inayosimama kidogo Lăng Cô. Kundi linaweza kugawanyika bila kuvunjika: wawili wapande treni, wengine wapande mlima, na wote wakutane Đà Nẵng jioni, kila upande ukiwa na la kusimulia. Wazo kwamba marafiki wa kweli lazima wakae chombo kimoja muda wote limeharibu safari nyingi kuliko lilivyozijenga.

Fedha nazo zinataka taratibu. Sarafu ya nchi ni đồng, inayohesabiwa kwa maelfu na mamilioni, na iliyo rahisi kwa kundi ni kuwa na mfuko wa pamoja ambao kila mmoja anachangia kiasi sawa mwanzoni, mtu mmoja akiwa mshika fedha wa kulipia mafuta, viingilio, maegesho na vyakula vya pamoja, huku malazi na ununuzi yakibaki shauri la kila mtu. Mshika fedha huyo ajihadhari na noti ya 20,000 na ile ya 500,000, ambazo zote ni za rangi ya buluu na huchanganywa kwa urahisi gizani, ingawa thamani zao zinapishana mara ishirini na tano. Kwa bahati njema miji miwili ya safari hii imo mfukoni mwake: nyuma ya noti ya 50,000 pamechorwa Huế, na nyuma ya ile ya 20,000 daraja la Hội An.

Huế inastahili usiku mbili kamili. Kiini chake ni ngome iliyoanza kujengwa zama za Gia Long, mfalme wa kwanza wa Nguyễn, yenye kuta za mzunguko wa karibu kilomita kumi, ambamo ndani yake kuna Mji wa Kifalme, na ndani zaidi kulikuwa na Mji wa Zambarau Uliokatazwa, yaani makazi ya mfalme ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga. Neno "kulikuwa" limetumika kwa makusudi, kwa maana sehemu kubwa ya makazi hayo iliteketea mwaka 1947 katika vita na Wafaransa, na mapigano ya karibu mwezi mmoja ya mwaka 1968 yakaangusha mengi yaliyosalia. Mgeni aliyetarajia majumba yaliyopangana huona viwanja vya majani na misingi ya matofali, pamoja na majengo yaliyofufuliwa karibuni kama kasri la Kiến Trung, lililofunguliwa tena mwaka 2024. Kwa hiyo inafaa kundi likodi mwongozaji kwa nusu siku, kwani mahali palipobomoka hapajielezi. Lango la Ngọ Môn, ambalo juu yake Bảo Đại aliuacha ufalme tarehe 30 Agosti 1945, ndilo la kuanzia.

Makaburi ya wafalme yametawanyika kusini mwa mji, na kosa la kawaida ni kutaka kuyaona sita kwa siku moja. Mawili yanatosha, mradi yachaguliwe yanayopingana. La Tự Đức, aliyetawala kuanzia 1847 hadi 1883, ni bustani yenye ziwa na vibanda ambamo mfalme mwenyewe alikuwa akipumzika angali hai. La Khải Định, lililoanza kujengwa mwaka 1920 na kukamilika 1931 baada ya kifo chake, ni la saruji, limepanda mlimani kwa ngazi, na kuta zake za ndani zimepambwa kwa vipande vya kauri na vioo kwa wingi unaowachukiza wengine na kuwapumbaza wengine. Marafiki wakibishana juu ya lipi lenye uzuri zaidi watakuwa wamekwisha kuelewa jinsi nasaba hiyo ilivyobadilika chini ya ukoloni, bila kuhitaji mhadhara.

Siku ya barabara ianze mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana, na kabla ya barabara kuu kuna uamuzi mmoja wa kufanywa. Barabara Namba 1 kutoka Huế hupita tambarare yenye malori na majengo, nayo haina la kuonyesha kwa saa ya kwanza. Njia mbadala ni kwenda mashariki hadi ukanda mwembamba wa mchanga uliotenganisha bahari na lagoni ya Tam Giang–Cầu Hai, neno lagoni likiwa na maana ya ziwa la maji ya chumvi lililofungiwa na mchanga kandokando ya pwani. Lagoni hii ina urefu wa karibu kilomita 70, na wavuvi wake huweka nyavu na vizuizi vya mianzi majini kwa mistari ambayo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea wando na uzio, ataielewa mara moja. Katika ukanda huo kuna kijiji cha An Bằng, ambacho makaburi yake yamejengwa kama majumba madogo ya kifalme, yenye nguzo na majoka ya kauri, kwa fedha zinazotumwa na jamaa waliohamia ng'ambo. Ni makaburi ya watu, si maonyesho, kwa hiyo atakayeingia atembee kwa adabu, asikae juu ya kaburi wala asimpige picha anayefanya ibada. Njia hii huongeza saa moja na nusu hivi, kisha huvuka daraja la Tư Hiền na kurudi katika barabara kuu, na haina shaka kwamba inaufaa muda huo, isipokuwa siku ya mvua ya upepo.

Lăng Cô ni kituo cha chakula cha mchana. Upande mmoja kuna ufuo mrefu, upande wa pili lagoni ya Lập An ambako hufugwa chaza, na mbele umesimama mlima wenyewe, mara nyingi ukiwa na kilemba cha wingu. Hapa mafuta yajazwe, choo kitumike, na wingu litazamwe kwa makini: likiwa jepesi na lenye kusogea, safari iendelee, likiwa limekaa hadi nusu ya mlima, inafaa kungoja saa moja kwa kahawa, kwa sababu ukungu wa Hải Vân huja na kuondoka ghafla. Jina lenyewe limeshatahadharisha, kwani hải ni bahari na vân ni mawingu.

Barabara ya mlimani ina urefu wa kilomita zipatazo 21, na kilele chake kiko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Tangu handaki la kilomita 6.28 lifunguliwe mwaka 2005, magari mengi yameihama, na hilo ndilo lililoifanya ipendeze. Hata hivyo waliobaki si watalii peke yao. Pikipiki haziruhusiwi kuendeshwa ndani ya handaki, na malori yanayobeba mafuta na shehena nyingine za kuwaka moto hulazimika kupanda, kwa hiyo katika kona iliyojikunja sana lori la mafuta huweza kuhitaji upana wote wa barabara. Kanuni ni kupiga honi kabla ya kona isiyoonekana mbele, kukaa upande wa ndani, na kutosimama kamwe katika kona yenyewe hata mandhari iwe nzuri namna gani. Sehemu pana za kusimama zipo, na mpiga picha wa kundi azisubiri.

Kileleni pana lango la matofali liitwalo Hải Vân Quan, lililojengwa mwaka 1826 zama za mfalme Minh Mạng ili kuulinda mji mkuu kwa upande wa kusini, na kando yake pana mahandaki madogo ya zege ya kujikinga na risasi yaliyoachwa na majeshi ya Ufaransa na Marekani. Lango hilo lilitelekezwa kwa miaka mingi, likiwa juu ya mstari unaogawa mamlaka za Huế na Đà Nẵng, hadi pande hizo zilipolikarabati kwa pamoja na kulifungua Agosti 2024. Wauza vinywaji wa hapo huita wageni kwa bidii. Kununua maji kwao huwa ndiyo kodi isiyoandikwa ya kuegesha.

Hapa ndipo kundi linapopaswa kukaa angalau saa moja, na kufanya jambo linaloweza kuonekana la kitoto: kutazama kaskazini, kisha kutazama kusini. Katika miezi ya Desemba hadi Machi pepo za kaskazini-mashariki hugonga mlima huu na kumwaga unyevu wake upande wa Huế, na si ajabu kupanda mtu akiwa na koti la mvua na kushuka akilivua, huku Đà Nẵng ikimeta juani chini yake. Ilivyo kwa mvua ndivyo ilivyokuwa kwa dola. Kwa karne nyingi nchi ya kusini mwa hapa ilikuwa ya Champa, ufalme wa watu wa jamii ya Cham ambao wengi wao walifuata dini ya Kihindu na kujenga mahekalu ya matofali mekundu, wakati mbali zaidi kaskazini kulikuwa na Đại Việt, dola ya Wavietnam. Mwaka 1306 mfalme wa Champa, Jaya Simhavarman III, anayeitwa Chế Mân na Wavietnam, alimposa binti mfalme Huyền Trân wa Đại Việt, na mahari yake ikawa majimbo mawili, Ô na Lý, ambamo ndimo Huế ilimokuja kusimama. Wasomaji waliokulia katika desturi ya mahari wanaweza kupima wenyewe ukubwa wa posa hiyo. Mfalme alifariki mwaka uliofuata, ardhi haikurudi, na mlima ukawa mpaka.

Mteremko wa kusini humalizikia Nam Ô, kijiji cha wavuvi kinachojulikana kwa mchuzi wa samaki waliochachushwa, na hapo ndipo waendesha pikipiki wahesabiane kabla ya kuingia mjini, maana msongamano wa Đà Nẵng hutawanya msafara kwa dakika tano. Đà Nẵng ni jiji jipya lenye fukwe na madaraja, na katika safari hii halihitaji zaidi ya saa chache, isipokuwa kwa jengo moja: Jumba la Makumbusho ya Sanamu za Cham, lililofunguliwa mwaka 1919, ambalo baada ya masimulizi ya mlimani huacha kuwa ghala la mawe. Wapenda vioja wanaweza kungoja saa tatu usiku mwishoni mwa juma, wakati Daraja la Joka, lenye urefu wa mita 666, linapotema moto na maji.

Kilomita 30 kusini yake ndiko Hội An, ambayo tangu Julai 2025 kiutawala imo ndani ya jiji la Đà Nẵng baada ya mkoa wa Quảng Nam kuunganishwa nalo, kwa hiyo anwani za hoteli zikiandikwa kwa namna mbili mgeni asidhani ametapeliwa. Mji huu ulilelewa na upepo: majahazi yaliingia mwanzoni mwa mwaka kwa pepo za kaskazini-mashariki na kuondoka kiangazi kwa pepo za kusi, na wageni walipokuwa wakingoja msimu wakajenga nyumba, mahekalu na kumbi za jumuiya zao, mambo ambayo mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa mara mbili. Daraja lenye paa lililojengwa na Wajapani mwishoni mwa karne ya 16 lingali limesimama, na lilifunguliwa tena Agosti 2024 baada ya ukarabati. Mto ulipojaa mchanga na meli kubwa zikahamia Đà Nẵng, Hội An ikasahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikoyanusuru majengo yake hadi UNESCO ikauorodhesha mji mwaka 1999.

Tatizo la leo ni kinyume chake, kwamba unakumbukwa na watu wengi mno kwa wakati mmoja. Jioni mitaa ya kale hujaa fanusi za hariri na watu bega kwa bega, na magari hayaruhusiwi kuingia. Pikipiki zirejeshwe siku hiyohiyo, kwa kuwa baiskeli na miguu vinatosha. Ushauri ulio bora ni kuamka alfajiri na mapema na kuwa mitaani kabla ya jua kuchomoza, wakati milango ya mbao ingali imefungwa na wauza mboga wanaelekea sokoni. Wenye kupenda fanusi wapange kufika tarehe 14 ya mwezi mwandamo, ambapo taa za umeme hupunguzwa. Walioizoea kalenda ya Kiislamu watakuta mwezi angani ni uleule wa kumi na nne, ingawa Wavietnam huongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka kadhaa ili kalenda yao isiachane na majira.

Chakula kinahitaji neno kwa msomaji Mwislamu. Nyama ya nguruwe imeenea sana katika njia hii, hata mahali ambapo jina halidokezi: bún bò Huế, supu maarufu ya tambi za mchele, ina neno bò, yaani ng'ombe, lakini mara nyingi hupikwa na mguu wa nguruwe, na cao lầu ya Hội An huwekwa vipande vyake juu. Neno la kujifunza ni chay, linalomaanisha chakula kisicho na nyama, kilichostawi mno Huế kwa sababu ya Ubuddha. Kwa mwenye kula samaki na viumbe vya majini kuna cơm hến, wali wenye vichaza vidogo vya mtoni, ila aseme mapema asiwekewe ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Maneno haya yaandikwe pamoja na alama zake na kuonyeshwa, yasitamkwe, kwa kuwa herufi za Kivietnam ni za Kilatini na humpa mgeni imani ya bure kwamba anaweza kuzisoma, ilhali toni ikikosewa neno huwa jingine kabisa.

Asubuhi ya mwisho itengewe Mỹ Sơn, bonde la mahekalu ya Cham lililo kilomita 40 hivi kutoka Hội An, ambalo wafalme wa Champa walilijenga kuanzia karne ya 4 hadi ya 13, na ambalo mabomu ya ndege za Marekani yaliliharibu vibaya mwaka 1969. Gari liondoke saa kumi na moja alfajiri ili kuyatangulia mabasi na joto. Hội An haina reli wala uwanja wa ndege, kwa hiyo kundi litarudi Đà Nẵng kwa vyovyote, na dakika arobaini na tano za mwendo huo zinamtosha mshika fedha kufunga hesabu ya mfuko wa pamoja na kumrudishia kila mtu salio lake, noti za buluu zikihesabiwa mchana kweupe.